Chumvi kwenye Mchuzi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi jikoni kwangu kila mara, mengine kwa simu, mengine kwa kupigiwa hodi dirishani. Anayeuliza anaweza kuwa kijana aliyepanga chumba Sinza wiki iliyopita, au mama mzima aliyepika miaka thelathini na leo sufuria imemshinda. Yanahusu michuzi ya nyumbani ya hapa Dar: ya nazi, rosti, chukuchuku, mboga za majani na maharage. Nimeyapa namba ili jibu moja likigusa jingine nikuelekeze huko.

## Ya kuanzia

1. Mchuzi wa watu watano unataka chumvi kiasi gani?

Tuchukue sufuria ya kawaida: nusu kilo ya nyama, viazi vitatu, nyanya mbili tatu, kitunguu, na mchuzi wa kutosha kumwagia wali. Ikishaiva inakaribia kilo moja na robo. Hiyo inakolea kwa kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi laini. Nasema kijiko kilichosawazishwa juu kwa kidole, si kile chenye mlima. Kimoja cha namna hiyo ni kama gramu 6.

Anza na kimoja. Ile nusu iweke kwenye kisahani pembeni ya jiko, uione kwa macho. Anayechota kwenye kopo kila anapoonja hajui tena ametia ngapi, na hapo ndipo matatizo ya swali la 14 yanapoanzia.

2. Chumvi itiwe mwanzo, katikati au mwisho?

Kote, kwa mafungu. Kwenye kitunguu, angalia unataka nini: chumvi hukitoa maji, kwa hiyo kitachelewa kuwa cha kahawia lakini kitalainika na kuyeyuka vizuri ndani ya nyanya. Ukitaka kahawia, subiri. Fungu kubwa liingie pamoja na nyama au viazi, maana kiazi kilichoiva kwenye maji matupu kinabaki chapwa moyoni hata mchuzi wake ukolee vipi.

Fungu la mwisho lisubiri mchuzi ufikie uzito unaoutaka. Maji yanaondoka na mvuke, chumvi inabaki. Mchuzi uliokolea sawasawa ukiwa lita moja, ukaukaushe hadi nusu lita, utakuwa na chumvi ile ile ndani ya maji nusu. Watu wengi wanaolalamika "sijui nimekosea wapi" hawakukosea chumvi. Walionja mapema, wakaridhika, wakaenda kufua.

3. Chumvi ya mawe na ya unga zina tofauti gani?

Ladha ni moja, kijiko ndicho kinachodanganya. Kati ya mawe na mawe kuna nafasi tupu, hivyo kijiko kile kile kinaweza kubeba chumvi pungufu. Tena mawe hayayeyuki haraka kwenye rosti nzito: unaonja, unaona bado, unaongeza, na dakika kumi baadaye yote yameyeyuka kwa pamoja. Ukiwa na ya mawe, iyeyushe kwanza kwenye kikombe cha maji ya moto, utie kwa kijiko.

4. Chumvi ya bahari si ndiyo ya asili na bora zaidi? Kwa nini tunaambiwa tununue yenye madini joto?

Iwe imetoka kwenye mashamba ya chumvi ya Bagamoyo na Lindi, au kwenye chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza kule Kigoma, chumvi yenyewe haina madini joto ya kutosha. Hata ya bahari, ingawa wengi wanadhani bahari imeshamaliza kazi hiyo. Madini joto huongezwa baadaye, kwa sababu upungufu wake huleta rovu, na kwa mama mjamzito unaweza kudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Madini hayo hupungua chumvi ikikaa wazi, juani au penye unyevu. Kopo lenye kifuniko, mbali na mvuke wa jiko, linatosha. Na joto la kupikia nalo hula kidogo, sababu nyingine ya kubakiza fungu la mwisho.

5. Naonjaje ili nisidanganyike?

Tone la kwenye kiganja tulilofundishwa na bibi zetu ni zuri, lakini lina masharti. Koroga hadi chini kwanza, maana juu kumeelea mafuta na mafuta hayakuambii lolote kuhusu chumvi. Acha lipoe kidogo. Ulimi unaoungua hauonji. Ukishaonja mara tatu mfululizo, kunywa maji au mwite mtu mwingine, kwa sababu ulimi umeshazoea na utaendelea kuongeza.

6. Kwa nini mchuzi ule ule jana na wali ulikuwa sawa, leo na ugali unaonekana chapwa?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu aliyeliuliza ameshagundua jambo ambalo wengi hawalifikirii. Mchuzi hauliwi peke yake. Ugali wetu hausongwi na chumvi, kwa hiyo kila tonge linaupunguza mchuzi makali. Wali wa nazi una chumvi yake tayari, na chapati pia. Kwa ugali, mchuzi uonje ukiwa umezidi kidogo kwenye kijiko, yaani mahali ambapo ukiunywa kama supu ungekunja uso kidogo. Kwa wali wa nazi, ishia pale ambapo unahisi bado punje.

Halafu angalia mezani kuna nini kingine. Kachumbari iliyooshwa kwa chumvi, achari ya ndimu, pilipili ya kukaanga: vyote vimeshatiwa. Kabla ya kutia fungu la mwisho, onja mchuzi na kipande cha kile kitakachouandama.

## Mchuzi kwa mchuzi

7. Mchuzi wa nazi ulikuwa umekolea, nilipotia tui zito ukawa chapwa. Nini kimetokea?

Tui zito halina chumvi na lina mafuta mengi. Limeongeza ujazo na kuufunika ulimi. Ndiyo maana mimi huchemsha samaki au nyama kwenye tui jepesi lenye chumvi yake, na tui zito linapoingia mwishoni naandamana nalo na vidole vitatu vya chumvi. Onja baada ya tui, usionje kabla.

Chumvi haina kosa kubwa tui linapokatika. Angalia moto mkali, kuacha kukoroga, na ndimu au ukwaju ulioingia tui likiwa linatokota. Ndimu ikamulie sufuria ikishaepuliwa. Na ukishakamua, onja tena kabla ya kuongeza chumvi, maana uchachu huifanya chumvi iliyomo ijitokeze zaidi.

8. Nyama ikitiwa chumvi mapema inakuwa ngumu, ni kweli?

Hapana. Ugumu unatokana na aina ya nyama na muda wa moto. Nyama ya mchanganyiko yenye mifupa ikikaa na chumvi, tangawizi na kitunguu saumu kwa saa moja, chumvi inaanza kuingia ndani, na nyama huvumilia moto bila kukauka sana. Kuku wa kisasa anaiva haraka, kwa hiyo asipotiwa mapema mchuzi utakolea na paja litabaki tupu. Wa kienyeji anachemka muda mrefu; mtie kidogo tu kwanza, kwa sababu supu yake itapungua.

9. Samaki, kamba na pweza wa soko la Feri wana chumvi yao?

Changu au kibua mbichi unaweza kumhesabu kama nyama yoyote. Kamba punguza kidogo. Pweza ni mwingine kabisa: mchemshe bila chumvi, kisha onja supu yake. Mara nyingi haihitaji kitu.

Mtego mkubwa ni samaki wa kukaanga anayeingia kwenye mchuzi wa nazi. Alishapakwa chumvi na ndimu kabla ya kukaangwa, na akilala ndani ya mchuzi ataitoa. Unga mchuzi ukiwa pungufu waziwazi, mtumbukize, subiri dakika tano, ndipo uamue.

10. Papa mkavu na ng'onda niwaloweke kiasi gani?

Hadi kipande chenyewe kionjeke kama chakula. Sina saa ya kukupa, kwa sababu papa wa leo sokoni si wa wiki jana. Mwingine amekaushwa kwa chumvi chache, mwingine umekuta fuwele nyeupe zimeganda ubavuni. Mkate vipande, mloweke kwenye maji ya vuguvugu, mwaga, rudia. Kisha mchemshe mara moja na hayo maji pia uyamwage. Chomoa uzi mmoja wa nyama, utafune. Ukikufanya utafute maji ya kunywa, rudia.

Mara ya kwanza nilipompikia mama mkwe nilimloweka papa kwa muda wa kumenya vitunguu tu, halafu, kwa mazoea, nikatia na chumvi. Mama alikula kimya, akanywa maji, akala, akanywa maji. Mwisho akasema, "Mwanangu, papa huyu bado anaogelea." Tangu siku hiyo mchuzi wa papa siutii chumvi kabisa hadi tui lake liishe kutokota.

Dagaa nao hawafanani. Wa Mwanza ni wa ziwani na kwa kawaida hukaushwa juani tu. Wale wa Zanzibar huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waoshe kwa maji ya moto na uwaonje kabla ya lolote.

11. Mchicha wangu kila siku unazidi chumvi. Kwa nini?

Unatia chumvi kwa kuangalia sufuria iliyofurika. Mafungu matatu ya mchicha yanajaza sufuria hadi mfuniko hauingii, na dakika chache baadaye yamebaki kiganja. Subiri yanyauke, ndipo utie. Kisamvu kinatwangwa na kuchemshwa muda mrefu, kwa hiyo hicho kingoje karanga au tui viingie.

12. Maharage yakitiwa chumvi mapema hayaivi?

Niliishi na imani hii miaka mingi. Ukweli ni kwamba maji ya kulowekea yenye chumvi kidogo husaidia kulainisha ganda. Kinachoyafanya yabaki magumu ni uchachu, yaani nyanya, ukwaju au ndimu kuingia kabla hayajaiva. Hata hivyo bado natia fungu kubwa mwishoni, kwa sababu ya maji kupungua (swali la 2).

Wanaotumia magadi, yale yanayotoka kwenye maziwa ya bonde la ufa kama Natron, wajue yanalainisha haraka lakini yanaacha ladha ya sabuni yakizidi, na yanaharibu baadhi ya vitamini. Tena yana sodiamu, ile ile iliyomo kwenye chumvi. Mwenye presha ayahesabu.

## Chumvi inayoingia bila kubisha hodi

13. Sikutia chumvi nyingi lakini mchuzi umezidi. Imetoka wapi?

Anza na pakiti. Viungo vya mchuzi vya pakiti na vile vipande vya supu, vingi vina chumvi nyingi ndani. Geuza nyuma usome, kilichotajwa mwanzo ndicho kingi. Ukitumia hivyo, chumvi ya mkono ingoje mwisho. Bizari ya mchuzi uliyosagiwa sokoni kwa kawaida haina chumvi, ila muulize aliyekusagia.

Kisha maji. Dar tunajua tofauti ya maji baridi na maji ya chumvi, lakini bomba likikauka siku tatu mtu anachota ya kisima na kusahau. Visima vingi vya mjini vina maji yenye chumvi. Kama chai yako ya asubuhi ilionjeka ajabu, mchuzi wa mchana umeanza na deni. Onja maji yenyewe kabla ya kuyatia, na kwa michuzi inayokauka sana, kama rosti, nunua hata dumu moja la maji baridi.

La tatu ni mikono miwili. Sikukuu moja Magomeni tulikuwa jikoni watu wanne, kila mmoja na kazi yake. Wifi akaniuliza, "Wifi, mchuzi umeutia chumvi?" Nikamjibu, "Nimeutia." Akanyamaza kidogo, mwiko mkononi. "Basi na mimi nimeutia." Kutoka kwenye vitunguu, binamu yake mdogo akainua mkono taratibu. Siku hizi kwenye jiko la wengi mwenye chumvi ni mmoja, na kopo anakaa nalo.

## Imeshazidi

14. Mchuzi umezidi chumvi. Nifanye nini sasa hivi?

Ongeza kisicho na chumvi. Hakuna njia nyingine inayofanya kazi kweli, zilizobaki ni kuficha. Kwa mchuzi wa nazi, ongeza tui. Kwa rosti, kaanga kitunguu na nyanya pembeni bila chumvi, changanya. Kwa chukuchuku, toa upawa mmoja au miwili ya mchuzi na urudishe maji ya moto kiasi hicho hicho. Huo mchuzi uliotoa usiumwage. Kesho utapikia maharage. Maharage, choroko au njegere zilizochemshwa bila chumvi ni waokoaji wazuri sana.

Kama umezidi kidogo tu, usiguse sufuria. Pika ugali badala ya wali, kachumbari iache bila chumvi, na hakuna atakayejua.

15. Na kiazi je? Si kinanyonya chumvi?

Kiazi kinanyonya mchuzi, maji na chumvi yake pamoja. Hakichagui. Ukikitoa, mchuzi uliobaki una ukali ule ule, ila umepungua. Kinasaidia pale tu unapokiacha ndani kiliwe, kwa sababu hapo umeongeza chakula kisicho na chumvi, yaani umerudi kwenye swali la 14.

16. Sukari au ndimu inapunguza?

Haipunguzi. Sukari kidogo kwenye mchuzi wa nyanya inaweza kuudanganya ulimi pale chumvi ilipozidi punje. Ndimu inaweza kuuchangamsha mchuzi, lakini inaweza pia kuipandisha chumvi. Mimi siitumii kwa kazi hiyo.

17. Kiporo kinakuwa na chumvi zaidi asubuhi. Ni mimi tu?

Si wewe tu. Kila unapokichemsha maji yanapungua. Tia maji kidogo au tui kabla ya kupasha, usisubiri hadi uonje.

## Hali za pekee

18. Nyumbani kuna mwenye presha. Napika sufuria mbili?

Sufuria moja inatosha, ya chumvi kidogo, na wanaotaka zaidi waongeze mezani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na hiyo ni chini ya kijiko cha chai kimoja kwa vyakula vyote. Sufuria ya swali la 1 ikiliwa na watu watano, kila mmoja amepata karibu gramu 2 kwenye mchuzi peke yake, bado wali, chapati na mkate wa asubuhi.

Punguza polepole, wiki baada ya wiki, ulimi unazoea. Tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na giligilani hujaza pengo vizuri kuliko wengi wanavyotegemea. Zile chumvi mbadala zinazouzwa kwa wagonjwa wa presha mara nyingi zina potasiamu, na kwa mwenye ugonjwa wa figo zinaweza kuwa hatari. Amuulize daktari wake kwanza.

19. Mtoto wa miezi minane anaweza kula mchuzi wetu?

Mtolee sehemu yake kabla chumvi haijaingia. Chini ya mwaka mmoja hahitaji kuongezewa, na vipande vya supu pia asipewe.

20. Napikia watu mia kwenye shughuli. Nizidishe tu kipimo?

Zidisha, kisha tia robo tatu yake. Sufuria kubwa haipunguzi maji kwa kasi ya ile ya nyumbani, hivyo kipimo ulichozoea, kinachotegemea mchuzi kukauka, hakitakuwa sawa. Yeyusha chumvi kwenye maji, imwage kwa kuizungusha, na koroga hadi chini kwa mwiko mrefu. Chumvi iliyomwagwa sehemu moja ya sufuria la shughuli hukaa hapo hapo, na wageni wa sahani za mwisho ndio wataikuta.

21. Ramadhani naonjaje mchuzi na nimefunga?

Wanazuoni wengi wanaruhusu mpishi mwenye haja aonje kwa ncha ya ulimi na kutema, bila kumeza. Ukiwa na shaka, muulize sheikh wako. Njia yangu ni nyepesi zaidi: kijiko kilichosawazishwa, kipimo kile kile kila siku, kikiwa pungufu. Au mwite mtoto asiyefunga, ingawa wa kwetu anaonja vipande vinne vya nyama kabla ya kutoa jibu.

22. Nimeishiwa chumvi saa mbili usiku na jirani hataki kunipa. Kwa nini?

Wapo wanaoamini kuwa chumvi haitoki nyumba ya mtu usiku. Usibishane naye, sufuria iko jikoni. Jaribu duka la mtaani, na kama nalo limefunga, maji yaliyolowekea ng'onda yataunga mchuzi wa leo. Jirani yangu hunipa, ila kwenye kikaratasi, na asubuhi anakuja kudai ya kwake.